Ulimi wa Kushoto

Jirani alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyewahi kuuandikia dawa: kuitikia kwa kichwa mambo asiyoyaelewa. Aliitikia benki, aliitikia kwenye vikao vya wazazi, alimwitikia fundi umeme aliyemweleza kwa nini taa ya jikoni inawaka ukizima ya chumbani. Kuuliza mara ya pili aliona ni kumwambia mtu kwamba hajui kueleza, na yeye hakupenda kumvunjia mtu heshima. Basi siku daktari wa upasuaji alipowaketisha yeye na mumewe, akachukua kalamu na kuchora ulimi nyuma ya bahasha, Jirani alianza kuitikia kabla mchoro haujaisha.

Jina hilo alipewa na mumewe. Enzi hizo walikuwa wapangaji wa nyumba moja, milango inatazamana, na kila jioni kijana yule alikuwa akibisha hodi: "Jirani, una kiberiti?" Hakuvuta sigara wala hakuwa na jiko. Miaka ishirini na sita ya ndoa haikumbadilishia jina, na watu wote wakafuata mkumbo. Hata kwenye chumba cha kupigia pasi cha hoteli alikofanya kazi, orodha ya zamu ilisema Jirani, na hakuna aliyekumbuka jina la kwenye kitambulisho. Mumewe yeye aliitwa Fundi tu.

Fundi alishona na kutengeneza viatu katika kibanda cha mabati pembeni mwa barabara, na kinywa chake hakikujua likizo. Kisipokuwa na maneno kilikuwa na misumari: aliibana midomoni sita sita, akiichomoa mmoja mmoja na kuigongomea kwenye soli. Ndiyo maana kidonda kilipotokea ubavuni mwa ulimi hakuna aliyeshtuka. "Msumari umenichoma," alisema, akasukutua maji ya chumvi. Alisukutua miezi mitano. Mwezi wa sita sikio la upande ule likaanza kumuuma, na Jirani akamkokota hospitali kama mtoto anayekwepa chanjo.

"Misumari sina kesi nayo," daktari aliwaambia. Alikuwa mtu wa sauti ndogo na vidole virefu visivyotulia. "Hiki si kidonda cha msumari. Ni saratani. Tutaondoa upande wa kushoto, karibu nusu ya ulimi, na tezi za shingo za upande huo. Halafu tutachukua ngozi ya mkono, hapa karibu na kifundo, pamoja na mishipa yake ya damu, tuishone mdomoni badala ya kile tulichotoa."

"Kiraka," Fundi alisema, uso ukamchangamka kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Ndiyo, kiraka."

"Na mkononi mtaziba na nini?"

"Ngozi ya paja."

"Na pajani?"

"Paja litajiotea lenyewe."

"Ah, basi mimi na wewe kazi yetu moja, daktari. Tofauti ni kwamba viatu vyangu havipigi kelele."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo Jirani aliyaitikia yote bila kushika hata moja sawasawa. Patatobolewa tundu shingoni la kupumulia, la siku kadhaa, kwa sababu mdomo utavimba. Patakuwa na mrija wa kupitisha chakula puani. Kumeza itakuwa kazi ya kujifunza upya, maana maji yanaweza kukosea njia yakaingia mapafuni. Damu inaweza kuvuja, usaha unaweza kutunga, bega linaweza kulegea. Ladha itapungua. Matamshi yatabadilika.

"Nitaongea?" Fundi aliuliza. Hilo tu ndilo alilotaka kujua.

"Kiraka ndicho kila kitu," daktari alisema. "Kikishika damu, utaongea. Watu itabidi wajifunze kukusikiliza, lakini utaongea. Kikifa, tutalazimika kukitoa, na hapo siwezi kukuahidi hata neno moja."

Jirani aliikazia macho ile bahasha. Upande ambao daktari alikuwa ameupaka wino ulikuwa upande wa mkono wa kulia wa yeye Jirani. Kushoto kwa nani? alijiuliza. Kwa ulimi wenyewe, kwa daktari, au kwa sisi tunaoutazama? Swali lilimfika kooni kabisa. Daktari akamwangalia, akasema, "Tuko pamoja, mama?" Jirani akaitikia kwa kichwa.

Upasuaji ulikwenda tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya hapo Fundi alilazwa kwenye chumba cha vitanda viwili kilichotazamana na meza ya wauguzi. Uso ulikuwa umemvimba hadi macho yakawa mistari. Shingoni mrija, puani mrija, mkono wa kushoto umefungwa bendeji hadi kiwiko. Kila saa muuguzi alikuja na tochi, akammulika kinywani, akatazama rangi ya kiraka, akakigusa kwa kidole chenye glavu kuona kama kina joto. "Waridi," alisema, akaandika. Jirani hakuwahi kulipenda neno lolote kama alivyolipenda hilo. Alirudi nalo nyumbani, akalala nalo.

Kwenye kibanda alikuwa amebaki shemeji yake, mdogo wake Fundi, mpaka rangi wa magari ambaye viatu alivijua kwa kuvivaa tu. Alijitolea kwa moyo safi na mikono mibaya. Asubuhi kabla ya kufungua alipitia wodini, akamsimulia kaka yake kazi za siku hiyo, kisha akaondoka ameridhika, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kuongea na kaka yake bila kukatizwa.

Siku ya pili baada ya upasuaji Jirani alitoka zamu saa sita, akafika wodini saa saba na nusu mchana. Fundi alikuwa amelala fofofo. Muuguzi alimweleza kwamba asubuhi, mara tu mdogo wake alipoondoka, mgonjwa alihangaika vibaya. Alinyoosha kidole mlangoni, akataka kujiinua. Wakampa kalamu, akaandika kwa mkono wa kulia, lakini hata alipomaliza hakutulia, wakaogopa atang'oa mirija, wakampa dawa ya kumtuliza.

"Aliandika nini?"

"Sikusoma, haikuwa yangu. Juu aliandika jirani, nikampa jirani yake." Muuguzi akaonyesha kitanda cha pili kwa kalamu.

Kwenye kitanda cha pili aliketi mzee mmoja, mkaguzi wa tiketi mstaafu, aliyekuwa ametolewa tezi ya shingo na kubakiwa na sauti ya kukwaruza. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyekamata tiketi ya bandia.

"Mama, njoo," alisema. "Mumeo kaniandikia mimi. Hatujawahi hata kusalimiana. Naisoma tangu asubuhi, na kila nikiisoma natoka jasho."

Jirani akaichukua. Mwandiko ulikuwa wa Fundi, herufi kubwa zilizopinda, zile zile alizozoea kuziandika kwa chaki chini ya soli:

JIRANI. MWAMBIE ASIGUSE ULIMI WA KUSHOTO, HUO MZIMA. MBOVU NI WA KULIA. HARAKA, KABLA HAJAKATA.

Alisoma mara moja, akasoma tena. Maneno yote aliyajua, hata moja halikuwa geni, na bado hayakuungana.

"Lakini walishakata," alisema. "Juzi."

"Hapo ndipo ninapochanganyikiwa hata mimi," mkaguzi alijibu. "Kwanza nikasema dawa zimempanda kichwani. Halafu nikajiuliza, nani anaujua ulimi wa mtu kuliko mwenyewe? Mimi nimekagua tiketi miaka thelathini na moja, mama. Kosa la upande lipo. Watu wanapanda treni nzuri kabisa, inakwenda upande usio wao."

Jirani aliikumbuka bahasha. Wino upande wa mkono wake wa kulia. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha mzee asiyemjua, na kwa muda hakuwa na hakika hata mkono wake mwenyewe wa kulia ni upi. Ilibidi afanye kama mtoto, ajiulize anakula kwa mkono gani. Huu. Haya, huu ndio wa kulia. Lakini Fundi alikuwa amelala uso umemwelekea yeye, kwa hiyo wa kulia wa Fundi ulikuwa upande ule, na daktari aliposimama mbele ya Fundi alikuwa amesimama namna gani? Akageuka, akageuka tena, na kila akigeuka pande zilihama naye.

Muuguzi aliingia na tochi. Ilikuwa saa nane kasoro ishirini. Akammulika Fundi, akainama, akainama zaidi. Safari hii hakusema waridi. Alibonyeza kengele.

Daktari alifika akitembea haraka bila kukimbia. Alitazama kiraka, akakichoma kwa sindano nyembamba, ikatoka damu nyeusi. "Damu inaingia, haitoki," alimwambia Jirani. "Mshipa wa kuitolea umeziba. Tukichelewa kiraka kitakufa. Tunarudi chumba cha upasuaji sasa hivi tuufungue. Yeye amelala kwa dawa, hawezi kutia saini, kwa hiyo naomba utie wewe." Akamnyooshea fomu. Ilisema kwa maandishi yaliyokolea: upande wa kushoto.

Kabla hajakata. Fundi alijuaje kwamba watarudi kukata?

"Hapana," Jirani alisema.

Hakuna aliyeshtuka kuliko yeye mwenyewe. Mwanamke ameitikia maisha yake yote, na hapana yake ya kwanza ikaichagua siku hiyo.

"Mama, hatuna muda."

"Mlikata upande mzima." Akamsukumia karatasi. "Mwenyewe ameandika. Mbovu ni wa kulia."

Daktari alisoma, na uso ukamparara. Tusimcheke, maana hiyo ndiyo ndoto mbaya kuliko zote kwa mtu wa kazi yake. Aliishika faili kwa mikono miwili, akapekua majibu ya maabara, kisha akainua picha ya vipimo kuelekea dirishani.

"Tazama. Uvimbe huu hapa. Kushoto."

Jirani alitazama. "Hapo ni kulia."

"Kwenye picha, kushoto kunaonekana kulia."

"Kushoto ndiyo kulia?"

"Ni kama umesimama uso kwa uso na mtu."

"Kwa hiyo kulia ndiyo kushoto."

"Kwenye picha tu, mama."

"Na kwenye bahasha?"

"Bahasha gani?"

Mkaguzi, ambaye hakuna aliyemwomba neno, akasema kutoka kitandani kwake kwamba hata yeye analiona doa liko kulia. Daktari akafumba macho, akayafumbua. Aliwaambia wauguzi wakisogeze kitanda hadi mlangoni na chumba cha upasuaji kiandaliwe, kisha akarudi kwa Jirani na kuanza kueleza upya, polepole, na kadiri alivyoeleza ndivyo Jirani alivyopotea. Je, alimwamini? Hakujua. Alichojua ni kwamba akitia saini wataingia tena upande mzima, na asipotia kiraka kitakufa, na vyovyote vile Fundi hataongea tena na itakuwa ni kwa mkono wake yeye. Aliomba ampigie simu shemeji yake.

Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili haikupokelewa. Muuguzi alikuwa akitazama saa ya ukutani bila kujificha. Mara ya tatu ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya shemeji nyundo ilikuwa ikigonga.

"Shemeji, njoo! Wamemkata kaka yako upande usio wenyewe."

"Nini? Nani kasema?"

"Mwenyewe kaandika. Sikiliza." Akasoma.

Nyundo ikanyamaza.

"Soma tena," shemeji alisema. "Polepole."

Akasoma tena.

"Shemeji," alisema yule, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hayo ni mabuti."

"Mabuti gani?"

"Ya mlinzi wa ghala la saruji. Mbwa wake katafuna ulimi wa buti la kulia, ile ngozi ya chini ya kamba. Asubuhi nilimwambia kaka nitang'oa ndimi zote mbili, niweke mpya zifanane. Akanitolea macho. Nikadhani ananishukuru."

"Na huyo wa kuambiwa?"

"Ni mimi, shemeji. Ni mimi wa kuambiwa."

"Umeugusa wa kushoto?"

"Nimeshaukata."

Jirani alitia saini saa nane na robo. Kwanza alitia mahali pa shahidi, muuguzi akamwelekeza, akatia tena mahali penyewe. Kitanda kikaondoka, magurudumu yakilia kwenye sakafu. Dakika thelathini na tano zilikuwa zimepita tangu tochi ilipomulika. Mkaguzi wa tiketi alijigeuza ukutani, akajifunika shuka hadi masikioni.

Shemeji alifika na vumbi la soli kwenye nywele. Waliketi kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, mmoja huku mmoja kule, na kati yao wangeweza kuketi watu wanne. Kila mmoja alikuwa na ulimi wake aliouharibu. Shemeji alianza kuomba msamaha kuhusu buti, akaona mwenyewe jinsi lilivyo jambo dogo, akaanza kujipukuta vumbi. Jirani alihesabu vigae vya sakafu, akakosea, akaanza upya.

Jioni daktari alitoka. "Tumeufungua mshipa," alisema. "Kiraka kiko hai, sehemu kubwa. Ncha imekufa, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Tumeiondoa."

"Ni kwa sababu ya zile dakika?"

Daktari alivua kofia ya kitambaa, akaikunja, akaikunjua. "Sijui. Pengine ingekufa hata ungetia saini papo hapo. Pengine isingekufa. Sina namna ya kujua, na sitaki kukudanganya."

Jirani aliitikia kwa kichwa. Kila neno alilielewa, ila hakuelewa afanye nini nalo. Aliikunja ile karatasi ndogo ndogo, akaificha ndani ya pochi yake, na kabla hawajaachana getini alimwapisha shemeji yake asiseme.

Fundi alirudi nyumbani wiki ya nne, tundu la shingoni likiwa limefunga na kuacha kovu la mviringo. Alijifunza kumeza: kidevu kifuani, meza, kohoa, meza tena. Maji matupu yalimpalia, yakabidi yachanganywe na unga wa kuyafanya mazito, na yeye akayanywa akiwa amekunja uso. Mara tatu kwa wiki alikwenda kwa mtaalamu wa matamshi, akaketi mbele ya kioo akisema pa, ba, ma, ambazo zilikubali, na ta, la, ra, ambazo bila ncha zilikataa katakata. Mbele yake bado kulikuwa na tiba ya mionzi. Na jina Jirani likawa "Iyahi," sauti ya mtu anayehema akipanda ngazi.

Jirani hakumwelewa. Tuseme kweli: katika maneno kumi alishika mawili. Lakini kila alipotaka kumwambia arudie, aliikumbuka ile ncha, ukubwa wa ukucha, akaghairi. Angemwombaje arudie, wakati pengine ni yeye aliyemnyima cha kurudia nacho? Basi akarudia ugonjwa wake. Aliitikia. Alicheka Fundi alipocheka, akasema "kweli kabisa" Fundi alipotulia. Wageni walipokuja akawa mkalimani wake, tena hodari, kwa kuwa alitunga.

Wiki ya nane Fundi alifungua kibanda, muda mfupi tu kila siku, na siku za mapumziko Jirani aliketi naye. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mgumu, lakini ulishika kiatu. Siku moja mchana mlinzi wa ghala alikuja kuchukua mabuti yake. Mbwa mwenyewe alikuwa nyuma yake, akiangalia barabarani kama asiyehusika. Mlinzi aliyageuza mabuti huku na huku, akaingiza vidole. Ulimi wa kulia ulikuwa mpya. Wa kushoto nao mpya.

"Fundi, mbwa alikula mmoja tu. Huu wa kushoto ulikuwa na kosa gani?"

Fundi alijibu. Alijibu kirefu, akionyesha kwa mikono. Mlinzi alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akamgeukia Jirani.

"Anasema zote mbili zilikuwa zimechoka," Jirani alisema.

Mlinzi akaridhika, akafunga kamba za mabuti pamoja, akayatundika begani, akaenda na mbwa wake. Fundi alimtazama mkewe. Halafu alisema jambo fupi, kwa utulivu.

"Kweli kabisa," Jirani alisema.

Fundi alichukua chaki, akageuza kiatu kilichokuwa mapajani pake, akaandika kwenye soli: NIMESEMA KIBANDA KINAUNGUA.

Jirani alisoma, na aibu ikampanda tangu miguuni. Fundi hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika, maana alichokiona usoni mwake ni uchovu wa mtu aliyekuwa akiongea peke yake kwa wiki nyingi na ambaye alilijua hilo muda wote. Aliifuta soli kwa kiganja. Chaki akaitupa nyuma ya makopo ya gundi, mahali ambapo mkono haufiki bila kuinuka. Kisha akasema jambo jingine, refu, akasubiri.

"Sijaelewa," Jirani alisema. Lilimtoka kwa shida kuliko ile hapana. "Rudia."

Akarudia.

"Rudia tena."

Akarudia kipande kwa kipande, jasho likimtoka puani, na Jirani akayaokota maneno moja moja. Karatasi. Niliandika. Ilikufikia?

Basi akamweleza yote. Muuguzi na jirani wa kitanda cha pili, bahasha, picha iliyogeuza pande, fomu. "Waliniomba saini nikakataa. Dakika thelathini na tano, Fundi. Nilidhani wamekukata upande mzima, na hukuwa macho nikuulize. Daktari anasema hajui. Pengine ncha ingekufa tu. Pengine ni mimi." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Alifungua pochi, akaitoa ile karatasi iliyokunjwa, akamkabidhi mwenyewe.

Fundi aliikunjua juu ya goti. Alisoma alichokiandika, midomo ikimtembea. Mabega yakaanza kumtikisika, na Jirani hakujua kama ni kicheko au kilio, maana tangu upasuaji vyote viwili vilimtoka kwa sauti moja. Kisha Fundi akasema kitu.

"Sijaelewa."

Akakisema tena. Mwishoni palikuwa na ba au pa, midomo ilikutana vizuri, halafu neno likaishia hewani.

"Rudia."

Fundi alijipangusa mate kwa kitambaa, akavuta pumzi. "Hi-nge-a-hi-ka," alisema, kisha akaigonga karatasi kwa kidole. "Bu-hi."

Ningeandika buti.

Neno moja, herufi nne. Jirani alilitazama pengo kwenye karatasi mahali ambapo lingekaa, na palikuwa na nafasi ya kutosha. Fundi alijigonga kifuani kwa kidole kile kile, mara mbili, kwamba ni yeye, ni yeye aliyekosea. Akaukunja mkono wa mkewe juu ya karatasi, akabaki ameushika. Kisha akainamisha kichwa upande, kama mtu anayechungulia mlango ulio wazi nusu, akasema taratibu:

"Iyahi, uha kibehihi?"

Safari hii Jirani alielewa mara moja, kila herufi.

"Sijaelewa," alisema. "Rudia."